Waliopanda Usambara Kupumzika

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, na karibu zote ni za kupanda. Mombo iko nyikani, penye mashamba ya mkonge na joto la mchana kutwa. Barabara inaushika ukuta wa mlima, inajikunja juu ya korongo, na kila kona inayopitwa hewa inazidi kupoa. Soni, penye maporomoko ya maji, abiria wanaanza kufunga madirisha huku vijana wakisogeza ndoo za matunda damu na mapeasi, kama ni msimu wake. Lushoto yenyewe iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai mgeni aliyetoka Tanga na shati jepesi hutafuta sweta kabla ya kutafuta chumba.

Kwa sababu ya ubaridi huo wageni wameupanda mlima huu kwa zaidi ya karne moja na nusu: wamisionari, wagonjwa wa homa, magavana, walowezi, na siku hizi watembea kwa miguu wenye mahema mgongoni. Historia yao husimuliwa zaidi kwa majengo waliyoyaacha, yaani hoteli ya zamani, nyumba ya gavana, kanisa la mawe. Lakini majengo hayasemi yote. Kila aliyepumzika Usambara alipumzika kwa jasho la mtu aliyebeba mzigo, aliyelima kilichopikwa, aliyeuacha msitu usimame ili chemchemi isikauke. Kwa hiyo katika kila zama nitauliza maswali mawili: nani alipumzika, na nani aliutunza mlima?

Shambaai kabla ya wageni

Washambaa waliichagua miinuko hii wenyewe. Nchi yao waliiita Shambaai, na waliitofautisha na nyika, ile nchi kavu ya chini yenye homa. Hata hivyo hawakuikimbia nyika kabisa. Vijiji vingi vilijengwa karibu na ukingo wa mlima, ili familia iweze kulima juu, kwenye mvua nyingi na migomba, na kuteremka kulima chini, kwenye mazao ya msimu mfupi. Mvua ilipokosekana upande mmoja, upande wa pili uliokoa. Juu zaidi, penye baridi kali na misitu minene ya Shume na Magamba, waliishi Wambugu na ng'ombe wao. Mlima wote ulikuwa na wenyewe, na kila tabaka lake lilikuwa na kazi.

Katika karne ya 18 nchi hii ilipata mfalme. Simulizi za Washambaa zinamtaja Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, aliyeua nguruwe waharibifu wa mashamba, akagawa nyama kwa watu na akapewa utawala. Uzao wake, Wakilindi, ulitawala kutoka Vuga, kusini mwa Lushoto ya leo. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na kutafiti Usambara katika miaka ya 1960, ameeleza kwa kina jinsi Washambaa walivyoupima utawala huo. Mfalme mwema ni yule aliyeiponya nchi: mvua ilinyesha kwa wakati wake, mazao yaliiva, watu walizaliana. Mfalme aliyeshindwa, au wakuu waliopigana wao kwa wao, waliidhuru nchi na njaa ikaingia. Afya ya mlima na afya ya watu ilikuwa habari moja, na jambo hilo tutakutana nalo tena mbele.

Mfalme mkubwa kuliko wote alikuwa Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene, aliyetawala sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ya karne ya 19 na ambaye mkono wake ulifika hadi pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852, akitafuta ruhusa ya kufungua misheni. Februari 1857 walikuja wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke, wakisubiri majira mazuri ya kuanza safari yao ya bara. Vuga haikuwa mji wa kuingiwa ovyo na wageni, hivyo wakalazwa nje yake. Kimweri alikuwa mzee na mgonjwa. Alipoambiwa kuwa miongoni mwa wageni yumo mganga wa Kizungu, alichokitaka kwao ni dawa ya kumrudishia nguvu zake. Dawa hiyo hawakuwa nayo. Waliteremka na kurudi Pangani, na huko pwani wao wenyewe wakaangushwa na homa.

Kimweri alifariki mwaka 1862. Baada yake Wakilindi walipigania urithi kwa miaka mingi. Semboja, mwanawe, alijenga nguvu zake Mazinde, chini ya mlima, mahali misafara ilipopita, na biashara ya bunduki na watumwa ikapenya hadi ndani ya mabonde. Watu walijificha kwenye majabali, mashamba ya chini yakaachwa. Huu ndio mlima walioukuta Wajerumani: mzuri wa hewa, wenye watu waliochoshwa na vita.

Wilhelmstal

Wajerumani walikuja na mikataba, kisha na askari, na karibu wakati huohuo na wamisionari. Mwaka 1891 Walutheri wa misheni ya Bethel walifungua kituo Mlalo. Mwaka 1895 serikali ya kikoloni ilimnyonga Mputa, mkuu wa Kikilindi, huko Vuga, na tangu hapo hakuna aliyekuwa na shaka ni nani mwenye amri. Ilibaki kuamua mlima utumikeje.

Hoja moja kubwa ilikuwa ya afya. Pwani ya Afrika Mashariki iliwaua Wazungu kwa malaria, na mataifa yaliyotawala nchi za joto yalikuwa yakitafuta miinuko ya kukimbilia. Waingereza wa India walikuwa na Simla, ambayo tangu mwaka 1864 ilikuwa makao rasmi ya serikali wakati wa joto. Wafaransa wa Vietnam walikuwa wakiutazama uwanda wa Dalat kwa jicho hilohilo. Wajerumani waliitazama Usambara ya Magharibi.

Robert Koch, tabibu mashuhuri aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1897 na 1898, na alipanda Usambara kutazama kama kweli mlima huu hauna malaria. Aliona kuwa waliougua walikuwa wametoka kuteremka bondeni. Wenyeji walimweleza sababu bila kusitasita: ukishuka nyikani unaumwa na mbu, na mbu ndio wanaokupa homa. Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wanabishana juu ya jambo hilo, kwani ni Agosti 1897 tu Ronald Ross, huko India, alipoviona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Washambaa walikuwa wamelijua kwa uzoefu wa kupanda na kushuka, kizazi hadi kizazi. Elimu ya kwanza ya afya ya mlima huu ilikuwa yao.

Mji uliojengwa katika bonde la Lushoto ulipewa jina la Kaisari Wilhelm wa Pili: Wilhelmstal. Ukawa makao ya wilaya na mahali pa kupumzikia maofisa waliochoshwa na joto la Dar es Salaam na Tanga. Upande wa kusini, huko Vugiri, juu ya Korogwe, paliwekwa nyumba ya wagonjwa wanaopata nafuu. Huko Lutindi wamisionari walianzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa utumwani, na miaka michache baadaye makao hayo yakageuka hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza kabisa katika Afrika Mashariki, ambayo bado inafanya kazi. Kwai, njiani kuelekea Shume, serikali ilifungua shamba la majaribio la mifugo na mazao ya nchi za baridi. Mapeasi, matunda damu, viazi mviringo na makabichi ya Lushoto yana asili yake katika zama hizo za misheni na walowezi. Leo ni mazao ya Washambaa kamili, na soko la Dar es Salaam linayategemea.

Kilichofanya mapumziko hayo yawezekane ni reli. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, ukakwama mara kwa mara kwa kukosa fedha, na njia ikafika Mombo mwaka 1905. Kabla ya hapo mgeni alipanda kwa siku kadhaa, na mizigo yake, hema lake, kitanda chake na pengine yeye mwenyewe, vilibebwa na watu. Baada ya hapo alishuka kwenye treni Mombo na kufuata barabara iliyochongwa ukutani mwa mlima.

Barabara hiyo ina historia yake ya mikono. Mwaka 1907 utawala wa wilaya ya Wilhelmstal ulianzisha kadi ya kazi. Kila mwanamume mzima wa Kiafrika alitakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyetimiza siku hizo alichukuliwa kwenda kufanya kazi za umma, na barabara zilikuwa mojawapo. Mtu anayeipanda leo barabara ya Soni akiusifu ufundi wake anapaswa kuikumbuka kadi hiyo. Mlima uliokuwa pumziko la maofisa ulikuwa, kwa wenyewe wa mlima, mahali walipopoteza haki ya kupanga siku zao.

Msitu nao ulilipa. Huko Shume kampuni ya Wilkins na Wiese ilijenga kiwanda cha kupasua mbao, ikakata mierezi na mikulo ya karne nyingi. Ili kuzishusha mbao hadi kwenye reli, kampuni ya Bleichert ya Leipzig ilijenga njia ya waya juu ya nguzo, kutoka kileleni hadi Mkumbara nyikani, juu ya magenge ambayo hata mbuzi huyakwepa. Ilikuwa kazi kubwa ya uhandisi kwa wakati wake. Hata hivyo misitu mingine ilitengwa na kuwa hifadhi ya serikali. Wenyeji walizuiwa kulima na kulisha humo, na bila shaka jambo hilo liliwaumiza. Lakini mistari iliyochorwa na maofisa wa misitu ndiyo iliyoacha sehemu ya Magamba ikiwa bado imesimama.

Magavana, mashamba na matuta

Juni 1916 majeshi ya Uingereza yaliichukua Usambara. Wilhelmstal ikarudia jina la Lushoto, na kwa muda mfupi mji huu mdogo ulikuwa kichwa cha nchi: Horace Byatt, msimamizi wa kwanza wa utawala wa kiraia wa Waingereza, aliongoza kazi zake kutokea hapa kabla ya makao kuhamia Dar es Salaam. Hata baada ya hapo gavana aliendelea kuwa na nyumba Lushoto ya kukimbilia miezi ya joto. Nyumba hiyo ni Ikulu ndogo hadi leo.

Wajerumani walionyang'anywa mashamba baada ya vita waliruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925, na baadhi walipanda tena mlimani. Upande wa Migambo, ng'ambo ya Magamba, nyumba ya familia ya walowezi iliyojengwa mwaka 1930 ndiyo inayopokea wageni leo kwa jina la Mullers, na bustani yake ya matunda na mahali pa kupiga hema. Mashamba ya namna hiyo yalikuza desturi ambayo bado ipo: kutembea asubuhi kwenye ukungu, kula mkate na jamu ya nyumbani, kuota moto jioni. Familia za Kizungu kutoka Tanga na mashamba ya mkonge zilipanda wakati wa likizo. Mwafrika aliyekuwepo alikuwa mpishi, mtunza bustani au mchukuzi.

Na wakati familia hizo zikitembea kwa starehe, bonde jirani lilikuwa linawaka kwa ugomvi. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka, ardhi ilikuwa imebanwa na mashamba ya walowezi na hifadhi za misitu, na udongo wa miteremko ulikuwa ukisombwa na mvua. Mwaka 1946 serikali ilianzisha mpango wa kuokoa ardhi katika bonde la Mlalo, na baadaye ukapanuliwa Usambara nzima. Watu walitakiwa kuchimba matuta kwa vipimo vilivyopangwa ofisini, kuacha kulima sehemu zenye mwinamo mkali, kupunguza ng'ombe. Kazi kubwa ya jembe iliwaangukia wanawake. Wasiotii walishtakiwa.

Washambaa waliukataa mpango huo kwa nguvu zote. Walijua kuwa udongo unaondoka, lakini waliona mpango ukichukua siku zao na ardhi yao bila kuwapa chakula zaidi, na waliogopa kuwa shamba lililotengenezwa kwa amri litachukuliwa kwa amri. Wengi waliwalaumu pia watawala wa Kikilindi waliosimamia mpango huo, kwa kipimo kilekile cha kale: mtawala huyu anaiponya nchi au anaidhuru? Hasira ya matuta ilikiongezea wafuasi chama cha TANU kilichopigania uhuru, na kabla ya uhuru mpango ulikuwa umekufa. Somo lake halijafa. Mlima hautunzwi kwa kuwalazimisha wanaoishi juu yake.

Baada ya uhuru

Uhuru ulikuja mwaka 1961, na mwaka 1963 utawala wa kichifu ulifutwa nchini kote. Nyumba za mapumziko hazikufutwa, ila zilibadilisha watu. Ofisa wa Kitanzania alilala pale alipolala ofisa wa Kiingereza. Hoteli ya Lawns, katika jengo la tangu zama za Wajerumani, iliendelea kupokea wageni mjini, na uwanja wake wa nyasi ukawa mahali panapojulikana na wasafiri wa mahema. Misheni zilikabidhiwa kwa makanisa yaliyoongozwa na wazalendo. Irente, kilomita chache kutoka mjini, shamba la Kanisa la Kilutheri liliendelea kutengeneza jibini, jamu na mkate kwa ajili ya kusaidia huduma zake. Masista wa Usambara walifanya vivyo hivyo kwenye kituo chao cha Montessori.

Irente ndipo penye mwamba wa kutazamia unaojulikana kuliko yote. Mtu anasimama ukingoni, na chini yake, kwa takriban mita 1,000, ipo Mazinde, reli, barabara kuu na nyika inayokwenda mpaka macho yanachoka. Palepale chini ndipo Semboja alipokaa akitoza misafara.

Swali la udongo lilirudi. Mwaka 1981 ulianza mradi wa SECAP, uliofadhiliwa na Ujerumani, wa kuzuia mmomonyoko na kuhimiza kilimo mseto na miti. Ulijifunza kutokana na makosa ya matuta: ulitafuta nyasi ambazo ng'ombe wa zizini atakula, miti ambayo mkulima atauza au kupikia, na makinga maji yenye faida kwa anayeyachimba. Si kila kilichopandwa kiliota, lakini ngazi za mashamba na migrivea mirefu anayoipiga picha mgeni wa leo ni matunda ya kazi hiyo ndefu ya wakulima wenyewe.

Katikati ya miaka ya 1990 likaja wazo jipya. Shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, pamoja na Bodi ya Utalii Tanzania, lilisaidia vijiji mbalimbali kuanzisha utalii wa utamaduni, na Lushoto ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo. Vijana wa mji walijifunza kuongoza wageni, wakafungua ofisi karibu na stendi, wakaandika bei ukutani, na kutenga sehemu ya mapato kwa ajili ya maendeleo ya kijiji. Jambo hili linaonekana dogo. Lakini hapa, karibu miaka 100 baada ya Wilhelmstal, mtu wa mlimani alisimama mbele ya mgeni akiwa mwalimu wake wa njia, anayelipwa kwa anachokijua, badala ya kusimama nyuma yake na mzigo kichwani.

Njia ya Mtae

Safari inayopendwa zaidi ni ya kutoka Lushoto hadi Mtae, na huchukua siku tatu hadi tano kwa miguu. Siku ya kwanza inapita msitu wa Magamba, wenye hekta zaidi ya 9,000, ambao ulipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia na sasa unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Usambara ya Mashariki ilitangulia, kwani Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa ya kwanza ya aina hiyo nchini, na huko Zigi nyumba ya stesheni ya reli ya zamani hutumika kupokelea wageni wa msitu. Magamba mgeni hulipa kiingilio, hupewa mwongozaji, na anaweza kupiga hema katika eneo lililotengwa. Humo kuna mbega weusi kwa weupe wanaoruka matawini, vinyonga wenye pembe mbili, na ndege wanaofuatwa na watazamaji kutoka mabara ya mbali kwa kuwa hawapatikani penginepo.

Ukitoka msituni unaingia mashambani, na hapo ndipo ninapoipenda safari hii kuliko za mbuga. Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2008, iko chini tu ya mlima, na ndani yake mgeni hukaa garini. Usambara anapita mlangoni kwa watu. Anasalimia na kujibiwa, anaona karoti zikioshwa mtoni, anakutana na wanafunzi wanaopanda mlima kwenda shule bila kuhema. Rangwi masista huwapokea watembezi usiku. Mlalo ina nyumba za matofali za ghorofa, zenye roshani za mbao, zilizopandana kilimani. Mwisho ni Mtae, kijiji kilichokaa juu ya kigongo chembamba, mlima ukianguka pande zake. Siku ya hewa safi huonekana Mkomazi yote, milima ya Pare, na nyuma yake Kilimanjaro. Basi la kurudi huondoka kabla ya mapambazuko, na mgeni asiyejua hilo hubaki Mtae siku nzima zaidi.

Inawezekana kupanda mwaka mzima, mradi kila msimu uheshimiwe. Januari na Februari ni kavu na ya matunda damu. Masika, Machi hadi Mei, njia zinateleza, udongo unaporomoka barabarani, na mwongozaji mzuri atakushauri ukae karibu na mji na kutembea asubuhi. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu, na aliyepanga kulala kwenye hema aje na blanketi la kweli. Septemba na Oktoba anga husafika, na njia ya Mtae huwa katika ubora wake. Vuli huleta manyunyu na kijani kipya. Kisha inakuja Desemba, na wapandaji wakubwa kuliko wote: Washambaa wenyewe, wanaorudi kutoka Dar es Salaam, Tanga na Arusha kula Krismasi na mwaka mpya nyumbani, au wanaofuata Idi inapoangukia. Hakuna takwimu za utalii zinazowahesabu, lakini mabasi yanayojaa stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, kuelekea Lushoto yanaijua idadi yao. Reli nayo imeamka: mwaka 2019 treni ya abiria ilirudi kwenye njia ya kaskazini hadi Moshi baada ya ukimya wa miaka mingi, na Mombo ikasikia honi tena.

Deni la anayepumzika

Nikirudi kwenye maswali yangu, majibu yanabadilika zama kwa zama. Mfalme alitarajiwa kuiponya nchi, na watu walimhukumu kwa hilo. Mkoloni alikuja kuponywa na nchi, na kazi ya kuitunza akaiweka mabegani mwa wengine kwa kadi na kwa faini. Katika miaka hii 30 ya karibuni mambo yamesogea: mwongozaji analipwa, mama anayepika chakula cha watembezi analipwa, msitu una sababu ya kusimama ambayo hata kijiji kinaiona kwenye ada za shule.

Mabadiliko hayo ni mepesi kuvunjika. Msitu wa Magamba bado unawindwa na msumeno, kuni bado zinahitajika kila jioni, na familia zinaongezeka juu ya mashamba yaleyale. Mgeni anayekwepa kiingilio, anayemchukua mtu wa kumwongoza kwa bei ya kumdhulumu, au anayeacha chupa zake kwenye mwamba wa Irente, anarudia desturi ya zamani ya kupumzika kwa gharama ya mwingine.

Nasema hivi hasa kwa Watanzania wenzangu, kwa sababu bado tunadhani kupiga hema na kutembea milimani ni mambo ya Wazungu. Washambaa walijua afya ya mlima kabla ya Koch, na kila Desemba wanaupanda bila kumwuliza mtu. Mwalimu wa Korogwe, mwanafunzi wa Muheza, familia ya Kinondoni iliyozoea kwenda ufukweni tu, wote wanaweza kupanda basi, kumtafuta mwongozaji wa Lushoto, kulipa bei ya haki, na kulala usiku mmoja Magamba. Tukiwa wengi tunaoufahamu msitu huo kwa miguu yetu, itakuwa vigumu kwa yeyote kuukata bila kuulizwa.